Chidya: Kumngoja Bingwa Msimu wa Korosho

Pikipiki iliyobeba mgonjwa utaitambua kabla haijafika stendi ya Masasi. Inakuja polepole, haipigi honi, na dereva anakwepa hata vishimo vidogo. Mgonjwa amekaa katikati. Nyuma yake yuko ndugu, mara nyingi mwanamke, amempitishia mikono chini ya kwapa, na khanga moja imewafunga wawili hao kiunoni ili mgonjwa akisinzia asidondoke. Asubuhi niliyokuwa pale nikitafuta usafiri wa Chidya ziliingia kadhaa za namna hiyo kutoka vijijini. Baadhi zilikata moja kwa moja kuelekea Mkomaindo, hospitali ya wilaya. Nyingine zilisimama, ndugu akamshusha mgonjwa, akamkalisha juu ya kiroba cha mahindi, akaanza kuulizia gari la Ndanda.

Mzee mmoja aliulizia gari la Mtwara. Kijana wake alikuwa amevimba uso na miguu, kandambili zimemkaba. Mzee alishika daftari la shule, yale ambayo zahanati nyingi huandikia maelezo ya mgonjwa, na ndani ya daftari kulikuwa na barua ya rufaa iliyokunjwa mara nne. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa ile barua niisome. Kisha akauliza: "Wamesema bingwa wa figo yuko Mtwara, na wengine wanasema ni Dar. Sasa mwanangu, ni Mtwara au ni Dar? Maana nauli niliyo nayo ni ya Mtwara."

Swali hilo ndilo lililonileta kusini. Majengo ya hospitali yamejengwa kwa wingi miaka hii, na si haki kuyadharau. Nilichotaka kukiona ni njia yenyewe, kuanzia mlangoni kwa mtu wa kijijini mpaka mbele ya daktari anayeujua ugonjwa wake, na nani anayeilipia.

Kutoka mjini Masasi, milima ya mawe inabaki nyuma na barabara ya vumbi inaanza kupanda kuelekea uwanda wa Makonde. Mikorosho iko pande zote mbili. Ulikuwa wakati wa salfa. Vijana walipita katikati ya miti na mashine mgongoni, wakipuliza unga wa manjano juu ya matawi yaliyoanza kutoa maua, na harufu yake iliingia mpaka ndani ya gari. Huo ni wakati ambao shamba linakula pesa na bado halijalipa kitu. Nilikuja kulielewa jambo hilo vizuri zaidi jioni yake.

Wengi waliosoma wanaifahamu Chidya kwa shule yake ya sekondari, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA na ambayo sasa ni ya serikali. Masomo na dawa viliingia nchi hii kwa mlango mmoja. Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, na kuanzia hapo misheni ikasambaa mpaka Newala na vijiji vya katikati, shule upande huu na chumba cha dawa upande ule. Upande wa Ndanda walifika Wabenediktini mwaka 1906, nao wakajenga hospitali ambayo mpaka leo ni ya rufaa. Ndiyo maana mtu wa Masasi akizidiwa, kauli ya kwanza kutoka kwa ndugu zake ni "twende Ndanda", hata kama kuna hospitali nyingine karibu zaidi. Imani ya namna hiyo imejengwa na vizazi vitatu vya watu waliokwenda wakarudi wakiwa hai.

Mwaka 1935 alifika Masasi daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, Leader Stirling. Alikwenda kuishi Lulindi, kijiji kilicho kati ya Masasi na Newala, akajenga hospitali ya miti, udongo na nyasi, akapasua watu humo. Mwaka 1949 alihamia Mnero, upande wa Nachingwea. Baadaye alikuwa mbunge, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Simsifu kwa ajili ya kuutamani ukoloni. Hospitali zilikuwa chache, na waliokufa njiani hawakuandikwa popote. Ninachokitazama ni kwamba aliishi palepale. Mgonjwa aliyepasuliwa alijua kwamba kidonda kikitoa usaha mwezi ujao, aliyempasua bado yuko. Na Stirling hakufanya kazi peke yake. Alifundisha vijana wa huku uuguzi, na hao ndio waliobaki yeye alipohama. Miaka mingi baadaye mwenyeji wa wilaya hii, Rais mstaafu Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, alianzisha mwaka 2006 taasisi iliyopeleka watumishi wa afya katika wilaya za pembezoni. Wazo ni lilelile: mtu mwenye ujuzi akae karibu na wenye shida.

Katika kijiji kimoja jirani na Chidya nilipelekwa kwa bibi mmoja ambaye majirani walisema ana mtoto wa jicho. Nilimkuta chini ya mkorosho, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, anabangua korosho zilizobaki za msimu uliopita. Zilikuwa zimekaangwa mpaka ganda likawa jeusi. Alikuwa akichukua moja, anaizungusha kwa vidole mpaka apate ule mgongo wake, anaiweka juu ya jiwe, anaigonga kwa kipande cha chuma, pigo moja tu, na kiini kinatoka kizima. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa mafuta ya ganda. Hakuitazama korosho hata mara moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sauti ngeni hiyo. Karibu, kaa upande huu, jua litakufikia hapo ulipo."

Nilikaa karibu naye na kumwangalia machoni. Mboni ya kushoto ilikuwa imetanda ukungu mweupe mzima. Ya kulia ilikuwa na ukungu wa kijivu ulioacha upenyo mdogo pembeni. Alisema mchana anaona mwanga na kivuli cha mtu anayepita, jioni haoni kitu. Ilianza kwa kuona moshi. Akadhani ni jiko, akahamishia jiko nje. Baadaye akadhani ni jambo la kurogwa, akanunua dawa ya majani ya kudondoshea, ikamuunguza. Alipokwenda zahanati, tabibu alimmulika kwa tochi ya simu, akamwambia ukweli: huu ni mtoto wa jicho, dawa yake ni upasuaji, na hapa hatupasui.

Upasuaji huo ni miongoni mwa kazi fupi kuliko zote katika udaktari. Lenzi ya jicho iliyopata ukungu hutolewa, ya plastiki huwekwa mahali pake, mgonjwa akiwa macho kwa ganzi ya jichoni tu. Mikono iliyozoea hutumia muda usiofika nusu saa. Kesho yake bandeji hufunguliwa na mtu anaona. Nchini mwetu kazi hii si ya madaktari bingwa wa macho peke yao, maana kuna madaktari wasaidizi waliofundishwa mahususi kuifanya, na wanaifanya vizuri. Hivyo kinachomkalisha bibi yule gizani ni kitu ambacho nchi inakiweza. Tangu siku ile jambo hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Mjukuu wake wa kike, wa darasa la tano, alikuja na kikombe cha maji. Ndiye macho ya bibi. Humpeleka chooni alfajiri, humsogezea maji ya kunawa, humwongoza kwenye mazishi na kwenye kanisa. Siku ambazo mama yake yuko shamba la mbali, binti haendi shule. Nilimwuliza kama mwalimu anajua. Alisema anajua, na kwamba hakumchapa.

Jioni alifika mjomba wa binti yule, ambaye ndiye kijana wa bibi, shati lote manjano ya salfa. Kwa Wamakonde, kwa Wamakua na kwa Wayao ukoo hufuata upande wa mama, na katika nyumba za namna hii mjomba ndiye mwenye neno. Mtu hapelekwi kupasuliwa bila mjomba kukaa na kulisema. Nilikuwa nimesikia mara nyingi wahudumu wa afya wakilalamika kwamba wajomba wanachelewesha wagonjwa. Basi nilimsikiliza huyu kwa makini, na sikusikia ujinga wowote. Nilisikia hesabu.

Alianza na nauli. Bibi hawezi kwenda peke yake, na mwanaume hawezi kumhudumia katika wodi ya wanawake, hivyo lazima aende dada yake. Dada akienda, lazima aende na mtoto anayenyonya. Pikipiki mpaka barabarani ni mbili. Halafu gari. Hospitalini bibi anaweza kusamehewa malipo, maana sera inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, lakini dada atakula nini, na atalala wapi? Jicho la kwanza likipasuliwa, daktari atasema rudini baada ya muda tuangalie, kisha rudini kwa jicho la pili.

"Mimi sikatai mama apasuliwe," alisema. "Akisema rudi baada ya wiki mbili, narudi na nini? Pesa yote iko juu ya miti."

Alinyoosha mkono kuelekea kwenye mikorosho yake. Maua yameanza. Korosho zitaanza kuanguka Oktoba. Zikiokotwa na kuanikwa zitapelekwa chama cha msingi, zitaingia ghalani, zitasubiri mnada, na pesa zitaingia benki baada ya makato. Hapo ni Novemba, na Desemba mvua zinaanza. Barabara inateleza, mashamba yanadai kulimwa, na kuanzia Januari mpaka Machi chakula kinapungua nyumbani. Kwa hiyo mtu wa uwanda huu ana majuma machache tu katika mwaka ambapo pesa ipo na njia inapitika. Mnada ukichelewa, majuma hayo yanapita. Msimu wa 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo kwa kutumia Jeshi, bei ilikuwa nzuri lakini wakulima wengi walisubiri malipo miezi mingi. Mjomba alikuwa mmoja wao. Mwaka ule, alisema, ndio aliotaka kumpeleka mama yake, wakati jicho la kulia bado linaona.

Wale wanaopanga kliniki na kambi za mabingwa wanaijua kalenda ya bajeti na kalenda ya chanjo. Sidhani kama kuna aliyewahi kuibandika ukutani kalenda ya korosho. Upasuaji uliopangwa Februari katika wilaya hii unawapata walio karibu na lami. Ule uliopangwa Novemba ungewapata wote.

Ngazi ya huduma zetu kwenye karatasi imepangwa vizuri. Iko zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, rufaa ya mkoa, kanda, taifa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na ingawa haukufikia lengo, uliwasogeza watu karibu na dawa za malaria na sindano za chanjo. Bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa ilichangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita na ilimfikisha mwanachama hadi hospitali ya rufaa ya mkoa wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Yote haya yanahusu kitanda, kipimo na dawa. Hakuna hata kimoja kinachomlipia mtu anayetoka nyuma ya Chidya kufika kwenye hicho kitanda, na kwake hiyo ndiyo gharama kubwa.

Kutoka Chidya nilikwenda Newala. Juu ya uwanda upepo ni wa baridi na ardhi ni mchanga mwekundu unaokunywa mvua yote lisibaki tone. Ukisimama Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji, unaona bonde la Ruvuma limelala chini na Msumbiji upande wa pili. Maji yako kule chini. Miaka mingi wanawake wa Newala waliteremka mabonde kuyafuata na kupanda nayo kichwani, na mpaka leo bomba likikatika ndoo zinarudi barabarani. Ukosefu huo wa maji una historia machoni mwa watu. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, husambaa pale ambapo uso wa mtoto hauoshwi na nzi hawatoki. Mtu akiambukizwa tena na tena, kope hugeukia ndani na kukwangua jicho kila anapopepesa. Niliwaona wanawake wazee wenye kibano kidogo cha chuma kilichofungwa pembeni ya khanga. Wanajing'oa kope wenyewe, moja moja. Dawa zimegawiwa kijiji kwa kijiji na ugonjwa umepungua sana, lakini kope zilizokwisha kugeuka hazirudi kwa vidonge. Zinahitaji upasuaji mdogo wa ukope, na aliyefundishwa kuufanya.

Muuguzi mmoja wa upande huo alinionyesha kaunta buku lake. Ameligawa kwa wino mwekundu: mtoto wa jicho, kope, ngiri, uvimbe, wanaotokwa na mkojo. Kila anayefika na tatizo ambalo kituo chake hakiliwezi humwandika humo jina, kijiji, namba ya simu na jina la mjomba au mwenye nyumba. Huduma ya mkoba ikitangazwa, yeye hupiga simu. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo.

"Zamani nilikuwa natoa barua tu," aliniambia. "Mtu anachukua barua anaondoka, unakutana naye mwakani sokoni, barua bado iko kwenye mfuko. Siku hizi barua natoa na jina naandika."

Daktari kijana anayefanya naye kazi ana njia nyingine. Akikwama hupiga picha kidonda au filamu ya eksirei na kuitumia kwa WhatsApp kwa aliyesoma naye, ambaye sasa anajifunza ubingwa Dar es Salaam. Jibu huja usiku. Mara nyingine jibu ni "mtibu hapohapo hivi na hivi", na familia moja inaokoa nauli ya ng'ombe mzima. Wizara ya Afya nayo imeanza tiba mtandao kati ya hospitali kubwa na za mikoa. Naitakia ifike mpaka kwenye vituo kama hiki, kwa utaratibu unaotunza siri ya mgonjwa na usiotegemea bando la daktari mwenyewe.

Tangu Mei 2024 serikali imekuwa ikipeleka madaktari bingwa wa Rais Samia katika hospitali za halmashauri 184 nchi nzima, kwa kambi za siku chache. Mwanzoni walikuja zaidi mabingwa wa wanawake na uzazi, watoto, upasuaji, magonjwa ya ndani, na ganzi na usingizi. Watu wa huku wanazizungumzia kambi hizo kwa furaha ya kweli. Mwanamke mmoja aliniambia alitolewa uvimbe wa kizazi alioubeba tangu kifungua mimba wake akiwa darasa la kwanza, na kijana huyo sasa ana mke. Bingwa alimpasulia palepale wilayani, mbele ya madaktari wa wilaya, naye akiwafundisha. Hilo la kufundisha ndilo lenye uzito zaidi. Kambi ikiondoka na kuacha mikono miwili inayojua jambo ambalo wiki iliyopita haikulijua, bingwa amebaki. Ikiondoka na kuacha foleni, tumewapa watu sababu ya kusubiri mwaka mwingine huku ugonjwa unakua. Na wapo wengi waliosikia tangazo kambi ikiwa imekwisha kufungasha, kwa sababu tangazo lilipita kwenye redio na mitandao, si kwenye kaunta buku.

Kwenye basi la kwenda Mtwara nilikaa jirani na mama wa makamo aliyekuwa akienda mbali zaidi, mpaka Dar es Salaam. Alikuwa na mto mdogo aliokalia na chupa ya maji aliyokunywa kidogokidogo ili asihitaji kushuka. Saratani ya mlango wa kizazi. Alitokwa na damu karibu mwaka mzima akidhani ni mambo ya umri. Walipochukua kinyama na kukipeleka kupimwa, majibu yalikawia, na yalipotoka ugonjwa ulikuwa umetoka nje ya kizazi. Ndivyo ilivyo kwa wagonjwa walio wengi wanaopokelewa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wanafika katika hatua ya tatu au ya nne. Mgonjwa wa Masasi au Newala anayehitaji mionzi bado njia yake ni ya Dar, na mionzi haipigwi mara moja. Ni majuma mfululizo, Jumatatu mpaka Ijumaa, ambayo lazima uwe na pa kulala mjini.

Yeye atalala Mbagala. Basi la kusini linashusha Rangi Tatu, na Mbagala imejaa watu wa Mtwara na Lindi. Shemeji wa dada yake ana vyumba viwili, wanalala saba, naye atakuwa wa nane. Kutoka pale mpaka ufukweni ilipo Ocean Road ni daladala mbili kila asubuhi kwa mtu anayevuja damu. Ninaamini kwamba maelfu ya wagonjwa wa kusini wametibiwa Dar es Salaam kwa sababu ya sakafu za Mbagala, na hakuna ripoti yoyote ya afya iliyowahi kuzihesabu sakafu hizo.

Aliniambia pia kuhusu safari yake ya kwanza iliyoshindikana. Ilikuwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ya Dar es Salaam kukatika Somanga. Magari yalilala pande zote mbili. Tarehe yake ya kliniki ikapita, akarudi nyumbani kusubiri nyingine. Wazee hukumbuka enzi za kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, ambapo masika yote kusini ilikuwa kisiwa. Daraja limepunguza hayo sana. Lakini barabara ya moja kwa moja ni hiyo tu, na ikikatika kipande kimoja, mikoa miwili inakosa kliniki.

Mabinti zake wawili wamechanjwa. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na sasa inatolewa kuanzia miaka 9. Alilisema hilo mwenyewe, bila kuulizwa, na alirudia mara mbili.

Mtwara, katika eneo la Mitengo, imesimama Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023. Ni jengo ambalo watu wa kusini walilingoja miaka mingi, na nilipoliona nilifurahi kwa dhati. Kila mgonjwa anayetibiwa Mitengo ni mtu mmoja asiyelala sakafuni Mbagala. Lakini kwa mzee wa stendi ya Masasi mwenye nauli ya Mtwara, jengo halitoshi mpaka aliyemwandikia barua awe amepiga simu kwanza na kuuliza: bingwa huyu yupo? Siku gani? Atampokea mgonjwa wangu? Barua ya rufaa isiyotanguliwa na simu inamtuma maskini akabahatishe kwa pesa ya kukopa.

Nauli nayo, nchi hii imekwisha kujifunza kuilipa. Mfumo wa m-mama ni mfano. Mjamzito akizidiwa kijijini, au mtoto mchanga, namba 115 inapigwa bure, gari la wagonjwa likikosekana anatafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, anampeleka, na dereva analipwa kwa simu. Familia haitoi kitu. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2009, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa imegundua kwamba wanawake wenye fistula hawaji ingawa matibabu ni bure. Wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mtu aliye karibu na mgonjwa, naye anampandisha basi. Wanawake wakaja. Walikuwepo siku zote. Kilichowazuia ni tiketi.

Sioni kwa nini jambo hilo liishie kwenye uzazi. Macho ya bibi, kope za wale wanawake wa Newala, mionzi ya mama wa kwenye basi, figo za kijana wa stendi, vyote vingeweza kuwekewa nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza katika bajeti ya halmashauri. Gharama yake ni ndogo ukiipima na tiba ya mtu aliyechelewa. Halmashauri hizi zinakusanya ushuru wa korosho kila msimu. Kutenga sehemu yake kwa nauli za wagonjwa lingekuwa jambo ambalo kila mkulima angelielewa bila kuelezwa mara mbili.

Nikiwa Mtwara nilipata tarehe za upasuaji wa macho katika hospitali moja inayofikika kutoka Masasi, nikampigia mjomba. Alikuwa shambani, nilisikia mashine ya salfa ikizimwa. Nilimsomea tarehe. Alinyamaza kidogo akipiga hesabu.

"Hiyo ni Septemba. Salfa itakuwa imekwisha na pesa itakuwa haijaingia. Ya Novemba hawana?"

Niliuliza. Ratiba ya Novemba ilikuwa bado haijatoka. Nimempa muuguzi wa Newala namba ya mjomba, naye ameandika jina la bibi chini ya wino mwekundu. Nami nitapiga simu tena Oktoba, korosho zikianza kuanguka.